Tumbo Lililosingiziwa

Yapata miaka kumi sasa tangu nilipoandika ubaoni neno la Kinorwei "skjørbuk", nikalikata vipande viwili mbele ya wanafunzi wangu kama mtu akatavyo muwa. Kipande cha kwanza, nikasema, ni "skjør", maana yake kitu chepesi kuvunjika. Cha pili ni "buk", maana yake tumbo. Nikaandika chini yake: "Tumbo dhaifu, hivi ndivyo watu wa Norwei walivyouelewa ugonjwa wa kiseyeye." Nilikuwa nikifundisha somo la maneno ambatani, na mfano huo ulinipendeza kwa ugeni wake. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na desturi ya kusema, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kiseyeye si ugonjwa wa fizi? Je, watu hao hawakuiona damu vinywani mwao?" Darasa likacheka. Nilitoa jibu la haraka lisilo na maana, nikaendelea na somo. Usiku ule swali lile lilininyima usingizi, maana nilitambua kwamba nimefundisha nisilolijua kwa ujasiri wa mtu alijuaye.

Naungama kosa langu mwanzo wa maneno haya ili nisiwe nyani wa methali, asiyeona kundule akaliona la mwenziwe. Lakini kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Tangu siku ile nimelisikia katika mihadhara, nimelisoma katika tasnifu, na si zamani nimelisikia likisemwa kwa sauti kubwa na mtu mwenye elimu kuliko yangu. Alidai kwamba asili ya neno ndiyo kweli yake; kwamba ukitaka kujua watu wanaamini nini juu ya ugonjwa, lipasue jina la ugonjwa huo utazame kilichomo; na kwamba jina ambalo vipande vyake havipatani na sayansi ni jina la ujinga, halina budi kufutwa. Madai hayo ni matatu, na yote matatu nayapinga. Shahidi wangu ni neno lilelile lililoniaibisha.

Nitawatendea haki kwanza wenye madai hayo, kwa kuwa hoja yao si ya kipuuzi. Husema kwamba watu hawatungi majina ovyo: aliyeita ugonjwa kifua kikuu alikiona kifua, na aliyeita kisukari alikuwa na habari ya sukari. Tena hutukumbusha kwamba jina ambalo mataifa ya Ulaya wameipa elimu ya asili ya maneno limetokana na neno la Kiyunani "etymos", maana yake "kilicho kweli". Basi, husema, wahenga wa Uyunani walikwisha jua kwamba kweli ya neno imo katika asili yake. Hoja hiyo ya pili hujikata mguu yenyewe. Hututaka tusadiki kwamba asili ni kweli, na ushahidi wake ni asili ya jina la elimu ileile inayoshitakiwa. Mdai akijileta mwenyewe kuwa shahidi wa dai lake, hakuna kadhi atakayemsikiliza. Hoja ya kwanza ni nzito zaidi, na njia ya kuipima ni kulifuata neno moja mpaka mwisho wa safari yake.

Kinorwei huunganisha maneno kwa namna isiyo yetu. Sisi husema "homa ya manjano", neno kuu likatangulia na maelezo yakafuata. Wao hutanguliza kinachoeleza, na neno kuu hukaa nyuma. Tetekuwanga huitwa "vannkopper": "vann" ni maji na "kopper" ni ndui, yaani ndui ya maji. Maumivu ya ghafla ya kiuno huitwa "hekseskudd": "hekse" ni mchawi wa kike, na "skudd" ni pigo la mshale au risasi. Mtu aliyezoea maneno ya namna hii akikutana na skjørbuk hawezi kujizuia. Mkono wake huenda kwenye kisu. Lakini hapo kisu kinapoingia ndipo taabu inapoanza, maana Kinorwei kina skjør mbili, wala si moja. Iko skjør ambayo ni sifa ya kitu chepesi kuvunjika, kama kioo au kigae chembamba. Iko na skjør nyingine ambayo ni jina la maziwa yaliyoganda, iliyotokana na neno la kale la Kaskazini "skyr", ambalo watu wa Aisilandi hulitumia hata leo kwa chakula chao cha maziwa. Basi apasuaye neno hilo kwa sikio la leo hupata matumbo mawili: tumbo la kuvunjika na tumbo la maziwa mgando. Kisu hakimwambii lipi ni la kweli. Mimi nilichagua la kwanza kwa sababu kamusi yangu ndogo ilikuwa na hilo tu.

Na yote mawili si ya kweli. Neno hili halikuzaliwa Norwei. Lilikuja kutoka Kijerumani cha Chini, yaani lugha ya nyanda za kaskazini mwa Ujerumani, mahali lilipotamkwa "schorbuk". Huko sehemu ya kwanza imefafanuliwa kwa "schoren", kupasuka au kuchanika, na ya pili kwa "buk", tumbo. Njia iliyolileta neno hilo Norwei yajulikana vizuri. Wafanya biashara wa Hansa, chama cha miji ya Kijerumani, walikuwa na makao yao katika bandari ya Bergen tangu mwaka wa 1360 hivi, wakinunua samaki waliokaushwa wa kaskazini na kuleta nafaka. Walikaa pale kwa karne nyingi, na lugha yao ikamimina maneno yake ya biashara, ya ufundi na ya mambo ya kila siku katika vinywa vya Wanorwei. Schorbuk lilishuka gatini katika mkondo huo. Sehemu ya pili haikuwa na shida, kwa sababu Kinorwei nacho kilikuwa na buk yake. Sehemu ya kwanza ilikuwa ngeni. Na mgeni, kama tujuavyo, siku mbili hupewa chakula, siku ya tatu hupewa jembe. Schor likavikwa nguo ya skjør likatumwa kazini. Mnorwei wa leo anaposikia "skjør" ndani ya skjørbuk, husikia nguo, hasikii mwili uliovishwa.

Hapa atasimama mwanachuoni mwingine na kuniambia kwamba sijafika mwisho. Naye ana haki ya kusema, maana iko nadharia ya pili yenye wafuasi wa heshima. Wafuasi hao husema kwamba Wajerumani wenyewe walikopa. Kwamba mzizi wa yote ni neno la kale la Kaskazini "skyrbjúgr", lililoundwa kwa skyr, maziwa mgando, na "bjúgr", uvimbe wa maji mwilini. Nadharia hiyo huja na kisa chake: mabaharia wa Kaskazini walichukua maziwa mgando kuwa chakula cha safari ndefu, wakavimba, wakalaumu maziwa. Ni kisa kizuri. Kina bahari, kina chombo, kina chakula na kina adhabu. Lakini uzuri wa kisa si hati ya kweli yake. Mwanafunzi wa lugha anapaswa kuogopa asili iliyo nzuri mno, kama mnunuzi aogopavyo bei iliyo ndogo mno.

Tuitazame kwa utulivu. Neno la kale bjúgr liliishi katika Kinorwei likawa "bjug", sifa ya kitu kilichopinda. Kama skjørbuk lingekuwa limeshuka moja kwa moja kutoka kwa mababu wa Kaskazini, tungelitazamia mkia wa "-bjug", wala si wa "-buk". Mkia wa neno la Kinorwei ni wa Kijerumani cha Chini, na mkia huo wataja njia lililopita. Huenda nyuma ya Wajerumani liko neno jingine la zamani zaidi. Huenda hata Wajerumani walisikia "kupasuka" na "tumbo" katika sauti walizozipokea kwa wengine. Sina haja ya kulikata shauri hilo hapa. Haja yangu ni ndogo zaidi: hata nadharia ya Kaskazini ikishinda, maziwa hayatakuwa na hatia. Kilichowaua mabaharia hakikuwamo katika pipa la maziwa. Kilichowaua ni kile kilichokosekana chomboni.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni majirani. Mholanzi husema "scheurbuik", naye husikia tumbo linalochanika. Mwaisilandi husema "skyrbjúgur", naye husikia uvimbe wa maziwa mgando. Mswidi husema "skörbjugg", na kwa kuwa katika lugha yake "bjugg" ni jina la kale la shayiri, aweza kusikia shayiri ndani ya ugonjwa. Mwingereza husema "scurvy", neno lililotokana na magamba na ukurutu wa ngozi, kisha likavutwa upande wa ugonjwa huu kwa kufanana sauti na jina la Kifaransa, "scorbut". Hao ni watu wa bahari moja, waliokula mkate mmoja mkavu, waliougua ugonjwa mmoja, waliozikana katika maji yaleyale. Kama jina lingekuwa kioo cha mawazo juu ya ugonjwa, ingetupasa kusadiki kwamba mmoja aliona tumbo likichanika, wa pili akaona maziwa, wa tatu shayiri na wa nne magamba. Jambo lililo jepesi na la kweli ni kwamba kila mmoja alisikia sauti ngeni akaipa maana kutoka ghala la lugha yake. Hivyo ndivyo masikio ya wanadamu yafanyavyo kazi kila mahali.

Wala Kilatini kisituhadae. Watu wengi, wakiona neno "scorbutus" katika vitabu vya tiba, hudhani kwamba hilo ndilo mama wa maneno mengine yote. Sivyo. Matabibu wa Ulaya walilichukua neno la mabaharia na wanavijiji wa pwani, wakalitia mkia wa Kilatini, wakaliingiza chuoni likiwa limevaa joho. Mara ngapi tumeona jambo hili! Neno la kawaida likivaa nguo za kigeni hustahiwa, na ndugu zake waliobaki nyumbani huitwa washenzi.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe, maana wanaopasua majina mara nyingi husahau kuutazama. Mwenye kiseyeye huanza kwa uchovu na maumivu ya viungo. Fizi zake huvimba, huwa laini na kutoka damu. Meno hulegea na kung'oka. Ngozi huwa na madoa ya damu. Makovu ya zamani hufunguka upya. Sababu yake ni ukosefu wa vitamini C, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza kolajini, ile protini inayoshikamanisha ngozi, mishipa, fizi na mifupa. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini hiyo miilini mwao. Sisi wanadamu hatuwezi, hatuna budi kuila katika matunda, mboga na vyakula vibichi. Basi tumbo la baharia halikuwa na hatia yo yote. Limesingiziwa kwa karne nyingi na kitambulisho lililobandikwa pasipo kuulizwa.

Kwamba ugonjwa huu haukuwa mchezo, mabaharia wa Kaskazini walijua kwa machungu. Jens Munk, aliyezaliwa Norwei mwaka wa 1579, alitumwa mwaka wa 1619 na Mfalme Christian wa Nne wa Denmark na Norwei kutafuta njia ya kwenda Asia kwa kupita kaskazini mwa Amerika. Alikuwa na merikebu mbili na watu zaidi ya sitini. Baridi kali iliwafunga katika Ghuba ya Hudson, na ugonjwa ambao wengi wa walioandika habari zake huuita kiseyeye ukawashika. Ilipofika kiangazi cha mwaka wa 1620 walikuwa wamebaki watatu tu, Munk na wenzake wawili, wakitambaa ufukoni na kula majani na mizizi iliyoanza kuchipua. Majani hayo yaliwarudishia nguvu, wakaiendesha merikebu ndogo mpaka wakafika Norwei. Waliokufa walikufa kwa kukosa majani mabichi. Waliopona walipona kwa kuyapata. Pasua neno skjørbuk mara elfu, hutakuta ndani yake hata jani moja.

Wanaosema kwamba jina huonyesha imani ya watu wanijibu swali hili. Katika pwani za kaskazini huota mmea mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Cochlearia, kwa kuwa majani yake yafanana na kijiko. Wanorwei huuita "skjørbuksurt", yaani mmea wa kiseyeye. Waliujua kuwa ni dawa, wakauchuma na kuula mbichi. Walikuwa pia na tunda lao la kinamasi liitwalo "multe", la rangi ya manjano, wakalithamini kwa sababu hiyohiyo. Mmea ule na tunda hili vyote vina vitamini C. Basi jina la ugonjwa lilitaja tumbo, na jina la dawa likaubeba ugonjwa pamoja na tumbo lake. Lakini mkono wa mchumaji haukupotea njia. Kinywa kilisema tumbo, na mkono ukachuma jani lililo sawa. Mtu akinionyesha watu hao akaniambia kwamba "waliamini ugonjwa ni wa tumbo kwa sababu jina lasema tumbo", nitamwambia kwamba amesoma kamusi akaacha kuwasoma watu. Hali kadhalika kwa hekseskudd. Mnorwei wa leo akishikwa kiuno husema amepata pigo la mchawi, kisha huenda kwa tabibu. Hamtafuti mchawi, wala hapeleki mashitaka.

Majina hudhuru, nakubali, lakini hudhuru pale yanapotiiwa. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mabaharia wa Norwei waliugua ugonjwa ulioitwa "beriberi ya merikebuni". Jina beriberi lilitoka Asia, nalo hutajwa kuwa la Kisinhala, neno la udhaifu lililokaririwa mara mbili. Axel Holst, profesa wa elimu ya afya katika mji wa Kristiania, ambao tangu mwaka wa 1925 huitwa Oslo, pamoja na tabibu wa watoto Theodor Frølich, walitaka kuichunguza beriberi hiyo kwa wanyama. Walichukua simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kama sungura, wakawalisha nafaka na mkate tu. Simbilisi waliugua. Lakini walipoitazama mifupa yao na fizi zao, wataalamu hao waliona alama ambazo si za beriberi. Zilikuwa alama za kiseyeye. Walipowapa kabichi mbichi au maji ya limau, ugonjwa ulizuilika. Habari hizo walizitangaza mwaka wa 1907, nazo zilifungua mlango wa kuijua vitamini C.

Ndugu msomaji, pima jambo hili. Watu hawa walitoka nyumbani wakilitafuta jina moja, wakakuta kitu cha jina jingine. Lau wangalikuwa watumwa wa majina, wangalisema kwamba jaribio limeharibika, wakawatupa simbilisi wao na kuanza upya. Walichokifanya ni kuliweka jina kando wakautazama ufizi. Hilo ndilo swali la mwanafunzi wangu wa nyuma: je, damu hamkuiona? Holst na Frølich waliiona.

Na walipokwisha kuijua kweli, je, wataalamu walilifuta lile jina la tumbo? Hata kidogo. James Lind, tabibu wa merikebu za Uingereza, alikuwa amekwisha onyesha mwaka wa 1747, kwa wagonjwa 12 katika merikebu ya Salisbury, kwamba waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Mwaka wa 1928 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akaipata asidi ambayo mwaka wa 1932 ilithibitishwa kuwa ndiyo vitamini yenyewe, na mwaka wa 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Asidi hiyo iliitwa ya askobiki, jina lililotungwa kwa kutia alama ya kukanusha mbele ya scorbutus: "isiyo na kiseyeye". Basi lile tumbo la schorbuk, baada ya kupita Bergen na vyuo vya Kilatini, limo hata leo katika jina la dawa, limeandikwa kwenye chupa za vidonge vinavyouzwa duniani kote. Wana sayansi, ambao wapinzani wangu hupenda kuwaita mashahidi, hawakuona haya. Walijua kwamba kazi ya jina ni kuelekeza, wala si kuhubiri.

Itaulizwa: je, elimu ya asili ya maneno ni bure? La. Mimi naipenda, nayo ndiyo inayonilisha. Asili ya skjørbuk hunieleza mambo makubwa: nani alifanya biashara na nani, lugha ipi ilikuwa na nguvu bandarini, sauti ipi iligeuka na ipi ilikaa, na jinsi tabibu alivyokopa kwa baharia akasahau kulipa. Yote hayo ni kweli, na ni kweli ya vinywa na ya safari. Kosa ni kuichukua kweli hiyo na kuiweka katika kiti cha kweli nyingine, ile ya miili na ya imani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa; lakini anayejua mbao za jahazi zilikatwa msitu gani bado hajajua jahazi limepakia nini.

Nakubali pia kwamba yako majina yanayomtukana mgonjwa, yakamfanya ajifiche na kufa kwa haya. Jina la namna hiyo na libadilishwe, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini libadilishwe kwa ajili ya huruma, kwa kuwa leo hii linamwumiza mtu aliye hai. Lisibadilishwe kwa sababu fulani amelipasua akakuta ndani yake kitu kisichompendeza. Hizo ni sababu mbili mbali, na anayezichanganya huwadhuru wagonjwa akidhani anawasaidia.

Sina budi kumaliza kwa maneno ya nyumbani, kwa kuwa ugonjwa wa kupasua maneno umo kwetu pia. Mwaka wa 1872 James Christie, tabibu aliyekaa Unguja, aliandika habari za homa iliyoenea kisiwani wakati wake, akaitaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, "kidinga pepo". Baadaye akatoa shauri kwamba jina "dengue", litumiwalo na mataifa mengi, limetokana na dinga hiyo ya Kiswahili. Wengine husema ni neno la Kihispania lenye maana ya madaha. Leo katika kamusi zetu homa hiyo ni "kidingapopo". Pepo ameondoka, popo ameingia! Na tayari yuko atakayewaambia wanafunzi kwamba Waswahili waliamini homa hiyo huletwa na popo, hali kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba aiambukizaye ni mbu. Tumerudi kwenye skjør ya Wanorwei: sikio limesikia sauti isiyofahamika, likaivika nguo iliyokuwa karibu. Tena nawaonya wale wanaoshangilia kwamba dunia nzima imekopa dengue kwetu. Shauri la Christie laweza kuwa kweli, nami ningefurahi. Lakini sifa isiyo na ushahidi ni sawa na kile kisa cha maziwa mgando. Kama tunaidai hati kwa Mwaisilandi, tuidai na kwetu.

Vivyo hivyo "pepopunda". Wako wanaotaka neno hilo liondolewe vitabuni kwa sababu wao husikia ndani yake pepo na punda, na ugonjwa huletwa na vijidudu viingiavyo katika jeraha. Wangependa tuseme "tetanasi", neno ambalo kwa Kiyunani lina maana ya kukazwa tu, wala halitaji kijidudu cho chote. Pepopunda ni neno ambalo mama amelisikia tangu utotoni mwake, analiogopa, na kwa hofu hiyo humpeleka mwanawe kuchanjwa. Mwondolee neno hilo umpe jingine asilolijua, nawe utakuwa umesafisha kamusi na kumwacha mtoto bila kinga. Sioni elimu katika jambo hilo.

Basi kanuni ninayowapa wanafunzi wangu sasa ni fupi. Ukilikuta neno ambatani, usilikate kabla hujaliuliza maswali manne: lilionekana mara ya kwanza wapi na lini, lilipita njia gani, sauti zake zilibadilika kwa desturi ipi, na wanaolitumia hufanya nini wanapolitumia. Likijibu yote manne, likate. Lisipojibu, liache zima, maana neno zima lina faida kuliko vipande viwili vya uongo.

Mwanafunzi yule wa nyuma alikwisha hitimu, na huenda amelisahau swali lake. Mimi sijalisahau. Kila mwaka huliandika skjørbuk ubaoni, na kisha huandika chini yake, mahali pale pale nilipoandika "tumbo dhaifu", neno moja la Kiswahili: fizi.